Waliokaa Wakati wa Dhiki



Katika nchi yetu ya Mbulu na Hanang, usharika au parokia inapofanya sikukuu ya kutimiza miaka yake, twapenda kuhesabu. Twahesabu mabati, matofali, kengele, na majina ya waliobatizwa. Hesabu hiyo ni njema, maana kumshukuru Mungu kwa alivyotenda ni wajibu wetu. Walakini iko hesabu nyingine ambayo haisomwi sana mbele ya watu, nayo ni hii: kazi hii ilipokuwa ngumu, ni nani aliyekaa? Waswahili husema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Neno hilo twalitumia kwa rafiki zetu, nalo lafaa pia kupimia utumishi wa Mungu.

Wengi wakisikia habari za sadaka ya Mkristo hufikiri mara moja habari za waliouawa kwa ajili ya imani. Hao twawaheshimu. Lakini tukizitazama habari za kale za nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki, twaona kwamba sadaka iliyolijenga Kanisa mara nyingi ilikuwa ya namna nyingine. Ilikuwa ni kukaa na watu wakati wa msiba, siku baada ya siku, pasipo sifa. Na wengi waliotoa sadaka hiyo walikuwa watu wa nchi hizi hizi, ambao majina yao hatuyajui. Hilo ndilo tunalotaka kulionyesha mwezi huu.

Na tuanzie pwani, maana Kiswahili tunachosomea Maandiko huku kwetu kilitokea huko. Mwaka 1844 alifika Mombasa mtu mmoja, jina lake Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misioni cha Uingereza, CMS. Alikuwa amefukuzwa katika nchi ya Uhabeshi, na njiani alipotoka huko mkewe Rosine alijifungua mtoto nyikani, naye mtoto hakuishi. Walimwita Eneba, yaani chozi. Mwezi Juni mwaka ule wa 1844, akisaidiwa na kadhi mmoja wa Mombasa, Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi uliofuata Rosine alijifungua tena mtoto wa kike. Homa ikawashika wote nyumbani. Tarehe 13 Julai Rosine akafa, na baada ya siku chache mtoto akamfuata mamaye. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa.

Basi mtu huyu angalipanda chombo akarudi kwao, nani angalimlaumu? Alikaa. Aliendelea kuandika maneno ya Kiswahili mpaka afya yake ilipomshinda, akaondoka mwaka 1853. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1882, naye alikuwa amekwisha fariki mwaka uliotangulia.

Mwenzake alikuwa Johannes Rebmann, aliyefika mwaka 1846. Wengi wamjua kwa sababu ndiye aliyeuona Kilimanjaro mwaka 1848 na kupeleka habari za theluji yake Ulaya, na wataalamu wa huko wakamcheka. Lakini ni wachache wanaojua kwamba alikaa Rabai na jirani yake karibu miaka 30. Mkewe Emma alifia huko. Waumini aliowapata katika miaka ile yote walikuwa wachache sana. Wa kwanza wao alikuwa Mringe, mtu mwenye kilema. Macho ya Rebmann yakafifia hata akawa kipofu. Mwaka 1875 alipoondoka kurudi Ulaya, aliyefuatana naye na kumwongoza njiani alikuwa Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Tufikiri vema jambo hilo. Mzungu aliyekuja kuwaongoza watu alirudi akiongozwa kwa mkono na mmoja wao. Kama tukihesabu kwa majengo na kwa idadi ya waliobatizwa, kazi ya Rebmann ilikuwa ndogo. Lakini Nyondo hakuiona kuwa ndogo, na kwa hiyo hakumwacha mzee wake.

Sasa na tuje karibu na kwetu. Mwezi Oktoba mwaka 1896 wamisionari wawili wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walikwenda Akeri katika nchi ya Meru ili waanze kazi. Usiku wakashambuliwa na kuuawa, pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Yatupasa kuisema habari hii yote kwa haki. Wakati ule Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wakiieneza serikali yao kwa bunduki, na kambi ya askari wao ilikuwa karibu. Wapiganaji wa Meru na Arusha hawakuona tofauti ya Mzungu wa Injili na Mzungu wa bunduki, na siku ile ilikuwa vigumu kuiona. Baadaye Kapteni Johannes wa Moshi akaja na jeshi, akawapiga Wameru na Waarusha kwa ukali mwingi. Watu wengi wakafa, na ng'ombe wengi wakachukuliwa. Kisasi hicho kilikuwa cha serikali, wala si cha Injili. Lakini kwa mama wa Meru aliyempoteza mwanawe, tofauti hiyo ilimfaa nini?

Basi waliorudi Meru baadaye, mwaka 1902, na kuanza kituo cha Nkoaranga, walikuwa na kazi ngumu kuliko kufa. Walipaswa kuishi kati ya watu ambao msiba wao ulitokana na damu ya wamisionari wenzao. Hapakuwa na hotuba ya kuliponya jambo lile. Liliponywa kidogo kidogo, kwa kufundisha watoto, kuuguza wagonjwa, kujifunza lugha na kusikiliza. Mwaka 1904 kazi ikaanzwa pia Ilboru kwa Waarusha. Na mwaka 1934 Lazaros Laiser, mtu wa Arusha, akabarikiwa kuwa mchungaji. Tangu Akeri hata siku ile ilikuwa miaka 38. Tena twakumbuka kwamba majina ya Wazungu wawili wale huandikwa katika kila kitabu cha habari hizi, lakini majina ya wale Wachaga waliokufa pamoja nao hayatajwi sana. Nao walitoa kitu kile kile: uhai.

Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, wamisionari Waingereza waliokuwa katika nchi ya Wadachi waliwekwa kizuizini. Na walimu wao, watu weusi, walifanyiwa nini? Serikali iliwashuku kuwa rafiki za adui. Walimu na watumishi wengi wa misioni ya UMCA upande wa Tanga, na wa CMS katika Ugogo, walikamatwa, wakafungwa minyororo, wakapelekwa mbali na kwao, na wengine wakafungwa Tabora. Samwil Sehoza wa UMCA ameziandika habari za mateso hayo katika kitabu kiitwacho Mwaka katika Minyororo, kilichochapwa mwaka 1921. Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani katika Unguja, alikuwa miongoni mwa waliofungwa Tabora. Walifunguliwa Wabelgiji walipoutwaa mji ule mwezi Septemba mwaka 1916.

Angalieni, ndugu, walimu hao hawakuwa wanajeshi. Kosa lao lilikuwa kwamba walifundisha watoto kusoma, na kwamba walisali pamoja na Waingereza. Wangaliweza kuikana misioni ili wapate nafuu. Na vita vilipokwisha, wengi walirudi kwenye shule zile zile, wakaanza tena.

Kisha mwaka 1920 jambo hili likageuka upande wa pili. Serikali mpya ya Waingereza iliwaondosha wamisionari Wajerumani katika Kilimanjaro, Meru na Arusha. Kwa miaka kadhaa, mpaka wamisionari wengine walipofika kutoka Marekani na wale wa Leipzig waliporudishwa tangu mwaka 1925, ni nani waliolitunza Kanisa? Walimu na wazee wa kanisa, watu weusi. Waliendesha sala, walifundisha watoto, walizika wafu. Mishahara ilikuwa haba au haikuwapo. Mwalimu alilima shamba lake asubuhi, akaenda shuleni, akarudi shambani jioni. Twasikia watu wakisema kwamba Wazungu walileta Kanisa. Ni kweli kwamba walileta. Lakini kitu kilicholetwa huweza kufa kikiachwa, na hao ndio waliokataa kukiacha.

Sasa tumefika kwetu. Zamani zile nchi yote hii, tangu Karatu hata Hanang na Babati, ilikuwa wilaya moja ya Mbulu. Mwaka 1907 Mapadre Weupe walifungua misioni ya Tlawi, karibu na Mbulu, katika milima yenye baridi. Mgeni aliyekuja hapa alikuta mambo ambayo hayapatikani pamoja mahali pengi katika Afrika. Wairaqw husema lugha ya jamii ya Wakushi. Wadatoga, walio wengi katika Hanang, husema lugha ya jamii ya Waniloti. Jirani zao Warangi, Wanyaturu na Wanyiramba husema lugha za Kibantu. Na huko bonde la Yaeda Wahadzabe husema lugha yao yenye kudodosa ulimi. Mtu aliyejua Kiswahili cha pwani hakuweza kuingia moyoni mwa mama wa Kiiraqw kwa Kiswahili hicho. Ilimpasa mwalimu akae, ajifunze kama mtoto, akosee na kuchekwa. Hiyo nayo ni sadaka, ijapokuwa haitoi damu.

Lakini sadaka kubwa zaidi ilitakiwa kwa Wakristo wa kwanza wa nchi hii wenyewe. Wazee wetu wa Kiiraqw walikuwa na desturi ya metimani. Mtu akifiwa na mtoto au na mwenziwe, au mwanamke mimba yake ikiharibika, au jambo jingine la namna hiyo likitokea, aliaminiwa kuwa na uchafu uwezao kuwadhuru wengine. Basi alitengwa. Hakula pamoja na watu, hakuchangamana nao kwenye maji na njiani, na mara nyingine muda huo ulikuwa mrefu sana. Binti aliyechukua mimba kabla ya ndoa aliweza kufukuzwa kwao kabisa. Hatuitaji desturi hii ili kuwadharau wazee wetu. Walikuwa wakitafuta kuwalinda watu wengi wasipatwe na madhara, kama vile leo daktari anavyomtenga mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Lakini uchungu wake tusiufiche. Mtu aliyekuwa na huzuni kuu kuliko wote ndiye aliyeachwa peke yake.

Sasa fikirini habari ya Mkristo katika kijiji cha namna ile. Amefundishwa kwamba Bwana wake aliwagusa wenye ukoma, akala pamoja na waliotengwa, akamwendea mjane aliyekuwa akimzika mwanawe. Mlango wa pili yuko mama aliyefiwa, naye ametengwa. Akiingia kwake na kukaa naye, yeye mwenyewe atahesabiwa kuwa na uchafu. Jirani wataogopa kupokea chakula mkononi mwake. Watoto wake hawatachezewa. Mvua ikichelewa, atalaumiwa. Mkristo yule hakuulizwa kama yu tayari kufa. Aliulizwa kama yu tayari kuogopwa na watu aliokua nao. Na twaona kwamba swali hilo ni gumu pia, maana mtu hufa mara moja, lakini jirani hukutana nao kila siku kisimani.

Desturi ile ilipigwa marufuku zamani za serikali ya Waingereza. Lakini amri ya serikali haiwezi kumwingiza mtu katika nyumba ya mfiwa. Huweza tu kumkataza mwingine asimzuie. Hofu iliyo moyoni huondolewa na mtu anayeingia, akakaa, akala, akatoka, watu wakamwona kesho yake yu mzima. Kwa njia hiyo matanga ya siku hizi, ambayo watu hujaa nyumbani kwa mfiwa, wakaimba na kumpikia, ni jambo kubwa katika nchi hii kuliko tunavyofikiri. Kizazi chetu kimelipokea kama kitu cha kawaida, wala hatuulizi ni nani aliyelipa gharama.

Hospitali zetu nazo zina habari ya namna hiyo. Mwaka 1940 mapadre wa shirika la Pallotti kutoka Ayalandi waliipokea kazi ya Mbulu. Mwaka 1943 ikafanywa kuwa eneo la Kanisa lenye mkuu wake, na hapo baadaye ikawa jimbo. Masista waganga, Medical Missionaries of Mary, walianza kazi Dareda katika miaka ya 1940. Upande wa Walutheri, misioni ya Norwei ilijenga hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, mahali palipokuwa mbali na kila mji. Mwaka 1961 alifika huko Daktari Ole Halgrim Evjen Olsen pamoja na mkewe Kari. Hawakukaa miaka miwili mitatu na kurudi. Walikaa miongo mingi, hata mwana wao akaja kuwa daktari mkuu wa hospitali ile ile. Lakini tukitaja daktari, tumtaje pia muuguzi aliyekesha, mpishi wa uji, dereva aliyelala njiani gari lilipokwama matopeni, na mama wa Kidatoga aliyetembea siku nzima kumleta mkwewe kujifungua. Hospitali haisimami kwa daktari peke yake.

Matunda yake yakaonekana katika Kanisa pia. Mwaka 1971 Nicodemus Atle Hhando, mwana wa nchi hii, alifanywa Askofu wa Mbulu, akaitunza kazi hiyo mpaka mwaka 1997. Tangu Tlawi ilipoanzwa hata siku ile ilikuwa miaka 64.

Tusidhani kwamba majaribu yamekwisha pamoja na watu wa kale. Tarehe 3 Desemba mwaka 2023, siku ya Jumapili, ambayo kwa Wakristo wengi ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, mvua kubwa ilinyesha katika Hanang. Sehemu ya mlima, yenye mwamba laini uliolewa maji, ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikashuka kwa nguvu juu ya Katesh, Gendabi, Jorodom na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Nyumba zilizikwa, na waliookoka wakapewa hifadhi katika shule. Mlima ule, ambao tangu watoto twautazama kwa furaha, siku ile ulikuwa msiba.

Mtu aliyezika watu wa nyumbani mwake katika juma lile alihitaji nini? Hakuhitaji mtu wa kumweleza kwa nini Mungu ameruhusu. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walipokaa chini pamoja naye wakanyamaza. Walikosa walipoanza kueleza. Blanketi zilihitajika, na unga, na maji safi, na makoleo. Na baada ya magari ya misaada kuondoka, alihitaji mtu wa kuja mwezi wa pili, na wa sita, na mwaka wa pili. Hapo ndipo utumishi hupimwa. Wiki ya kwanza huja wengi.

Basi twajifunza nini katika habari hizi zote?

Kwanza, hakuna mmoja wa watu hao aliyetafuta mateso. Krapf hakuja Mombasa ili azike mkewe. Walimu hawakuomba minyororo. Mateso si mema yenyewe, wala Mungu hafurahii maumivu ya watoto wake. Kwa hiyo mtu akimdhulumu mwenziwe, au mume akimpiga mkewe, au mkubwa akimnyima mfanyakazi haki yake, kisha akamwambia, vumilia, huo ndio msalaba wako, amelitumia jina la Bwana vibaya. Msalaba ni mzigo mtu anaojitwika mwenyewe kwa ajili ya kumsaidia mwingine. Mzigo anaotwikwa na mwonevu una jina lingine, nao wapaswa kuondolewa.

Pili, matunda hukawia. Rebmann aliondoka kipofu, akiwaacha waumini wachache. Meru ilingoja miaka, na Mbulu pia. Mwalimu wa Jumapili mwenye watoto sita chini ya mti asijipime kwa idadi yao.

Tatu, hesabu yetu ya watakatifu ni fupi mno. Twajua majina ya wageni kwa sababu wao waliandika barua na vitabu, na vyama vyao vikavihifadhi. Wenyeji waliotembea kwa miguu toka kilima hata kilima, waliofundisha sala bila mshahara, walioingia katika nyumba zilizotengwa, hao hawakuandikiwa barua na mtu. Mungu awajua, ni kweli. Lakini hilo lisiwe udhuru wetu wa kutowajua.

Kwa hiyo twawaomba jambo moja, ndugu wasomaji. Wazee waliowaona walimu wa kwanza wa vijiji vyetu wamebaki wachache, nao wanazidi kupungua kila mwaka. Mwalimu au katekista wa kila kijiji, katika Mbulu na katika Hanang, na achukue daftari, aende kwa mzee na kwa bibi, awaulize kwa heshima: Ni nani aliyefundisha hapa kwanza? Alitoka wapi? Ni nani aliyekwenda kukaa na waliofiwa wakati watu walipoogopa? Mkewe aliitwa nani, naye alistahimili nini? Na ayaandike majibu pamoja na majina, katika lugha ile ile waliyoisema. Kisha sikukuu ya usharika au ya parokia itakapofika, tukimaliza kuhesabu mabati na matofali, majina hayo yasomwe kwa sauti mbele ya watoto.